Picha za vito zinavyowatia hasara wafanyabiashara wa Mpondwe, na namna ya kuziboresha

Na Mwandishi Maalumu, Kasese

WAFANYABIASHARA wanaovuka daraja la Mto Lhubiriha, kati ya Mpondwe upande wa Uganda na Kasindi upande wa Kongo, hujulikana kwa mizigo mikubwa: magunia ya kahawa, samaki wakavu, vitenge, mafuta ya mawese, mbao. Lakini wapo wengine ambao mzigo wao wote unaingia katika mfuko wa gauni. Hao ni wauza vito na mapambo: hereni za waya wa shaba, bangili, shanga za karatasi na za kioo, pete na mikufu ya mitumba.

Siku hizi mzigo huo hauvuki kwanza. Kinachotangulia kuvuka ni picha yake. Mama wa Bwera anapiga picha kwa simu, anaituma kwa WhatsApp kwa mteja wa Beni, Butembo, Kampala, au kwa binti yake aliyeko Brussels, na bei inapatanwa kabla mnunuzi hajaigusa bidhaa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Nitatoa mfano mmoja ninaoufahamu vizuri. Mama mmoja aliyerejea kutoka Kongo na kufungua meza ya mapambo Bwera alipata oda ya jozi 40 za hereni kutoka kwa mteja wa Butembo. Hereni zenyewe ni za waya wa shaba nyekundu, kazi ya mikono yake, safi kabisa. Picha aliipiga usiku, chini ya balbu ya manjano, hereni zikiwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua. Katika picha ile shaba nyekundu ikaonekana kama dhahabu. Mzigo ulipofika, mteja akafungua, akatazama, akasema hizi siyo nilizoagiza. Hakuwa mwongo. Na yule mama naye hakuwa mwongo. Mzigo ukarudi, nauli ya kwenda na ya kurudi ikawa juu yake, na karo ya muhula ya watoto wawili ikaenda na maji.

Ndugu msomaji, mimi si mpiga picha wa studio. Ni mwalimu wa fizikia. Wazazi wangu walikimbilia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nikasoma Nakuru kuanzia darasa la kwanza hadi nilipomaliza sekondari, na nikarejea Kasese nikiwa kijana mwenye cheti cha ualimu na Kiswahili ambacho majirani walidhani ni cha kijeshi. Tangu hapo nafundisha somo la lenzi na mwanga. Mwaka hadi mwaka wanafunzi huchora mishale ya miale ubaoni bila kujua inawafaa nini. Kumbe mama zao sokoni wanaihitaji mishale ile kuliko wao.

Jumamosi, basi, napanda taksi kutoka Kasese, tunapita Kikorongo, tunakata hifadhi ya Queen Elizabeth, hadi Bwera. Huko kundi la akina mama, wengi wao warejeaji, hukusanyika na simu zao. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza pamoja.

Kwa nini kitu kidogo ni kigumu

Mtu anayeweza kupiga picha nzuri ya harusi hushangaa anaposhindwa na pete. Sababu ni kwamba kadiri kamera inavyokisogelea kitu, ndivyo sehemu inayoonekana wazi, mbele na nyuma, inavyozidi kuwa nyembamba. Ukipiga picha ya mtu aliye mita tatu mbele yako, mwili wake wote unaonekana wazi. Lakini tuseme una kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, na kitu kinatokea juu ya kihisi kwa ukubwa wake halisi, milimita kwa milimita. Tundu la lenzi likiwa kwenye namba 8, eneo lililo wazi lina unene wa milimita moja hivi. Milimita moja! Pete ya kawaida ina kimo cha milimita 20 na zaidi. Ndiyo maana kito kinaonekana na kidole cha pete kinapotelea katika ukungu.

Wenye kamera za namna hiyo hukimbilia kuliminya tundu la lenzi hadi namba 22, wakidhani watapata uwazi wa kutosha. Wanapata kidogo, ila wanapoteza kingine, kwa sababu mwanga ukipita katika tundu dogo mno hutawanyika na picha nzima inakuwa laini kama imepakwa mafuta. Kati ya namba 8 na 11 panatosha. Wakumbuke pia kwamba katika ukubwa ule wa milimita kwa milimita mwanga unaofika kwenye kihisi ni robo tu ya ule wa kawaida, kwa hiyo kamera itafungua muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo kazi imeharibika.

Mwenye simu ana nafuu katika hili. Kihisi cha simu ni kidogo sana, na udogo huo humpa unene mkubwa wa sehemu iliyo wazi. Tatizo lake ni umbali. Simu nyingi haziwezi kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita nane au kumi. Akina mama wetu huisogeza simu mpaka inakaribia kugusa hereni, kisha wanalalamika kwamba simu ni mbovu. Simu si mbovu. Rudi nyuma kama urefu wa kiganja, subiri ione vizuri, piga, halafu ukate picha baadaye ubaki na hereni tu. Tena ukirudi nyuma, umbo la kitu halipindiki. Bangili iliyopigwa kwa karibu mno huwa nene mbele na nyembamba nyuma, na mnunuzi hudhani imepinda.

Zipo lenzi ndogo za kubana juu ya simu. Zinafaa. Lakini kabla hujatoa pesa, nenda kwa fundi saa. Ile lenzi anayoiweka jichoni, kama inakuza mara 10, ina urefu wa fokasi wa milimita 25, na ukiishikilia mbele ya lenzi ya simu utaona mikwaruzo ya pete usiyowahi kuiota. Kasoro yake ni kwamba pembezoni huleta rangi za upinde wa mvua, hivyo kito kikae katikati. Fundi saa mmoja wa Kasese alituazima yake kwa sharti kwamba tusiifute kwa kitenge. Ana haki.

Sheria nyingine ni ya kulaza. Bangili ikiwa imelala sambamba na mgongo wa simu, yote iko umbali mmoja na yote itaonekana wazi. Ikiinuka upande mmoja, unapoteza nusu. Wapo wataalamu wanaopiga picha ishirini, kila moja wakisogeza kamera nusu milimita, kisha programu inaziunganisha kuwa moja iliyo wazi kote. Ni kazi nzuri kwa makumbusho. Kwa hereni za kuuza gulioni mimi naona ni kujitesa.

Na usiishike simu mkononi. Iegemeze juu ya vitabu viwili vyenye nafasi kati yao, weka saa ya sekunde mbili ndipo ijipige yenyewe. Pale Mpondwe kuna taabu moja ambayo vitabu vya picha havikuiandika: malori. Foleni ya malori ya kwenda Kongo ikisogea, meza za wauzaji hutetemeka. Tumezoea kusubiri lori lipite.

Jua la ikweta na mtungi mweupe

Kasese iko karibu sana na ikweta. Mstari wenyewe unaikata barabara ya kutoka Mbarara, na wapita njia husimama pale kupiga picha. Maana yake kwa muuza vito ni kwamba jua la mchana husimama karibu wima kichwani, kali, likiangusha vivuli vyeusi vifupi. Metali chini ya jua hilo hutoa doa jeupe linalochoma jicho, na pembeni giza tupu.

Hapa kuna jambo la saa linalowachanganya watu wa mpakani. Uganda inatumia saa ya Afrika Mashariki, lakini tuko magharibi sana, kwa hiyo jua letu linafika utosini yapata saa saba mchana, si saa sita. Ukivuka daraja kwenda Kasindi saa inarudi nyuma saa moja, na huko jua linafika utosini yapata saa sita kama vitabu vinavyosema. Mama akisema na mteja wake wa Kongo "tupige picha saa tatu asubuhi", kila mmoja ana saa tatu yake. Jua ni lile lile. Wakati mzuri ni asubuhi mpaka kama saa tatu na nusu ya Uganda, au jioni kuanzia saa kumi na moja, au siku nzima ikiwa Rwenzori imejifunika mawingu. Watalii hulalamika wasipouona mlima. Sisi wa vito tunafurahi, maana anga lote la mawingu ni taa moja kubwa laini.

Jambo ambalo ni lazima lieleweke kabla ya mengine yote ni kwamba metali iliyosuguliwa ni kioo. Hupigi picha ya bangili, unapiga picha ya vitu ambavyo bangili inavitazama. Ukivaa blauzi nyekundu, bangili ya fedha itakuwa nyekundu. Ukiinama juu yake, kichwa chako kitaonekana ndani yake kama doa jeusi. Mwale unaingia kwa pembe fulani na kutoka kwa pembe hiyo hiyo. Hiyo ndiyo kanuni niliyoifundisha darasani miaka yote na sikujua kwamba biashara ya mtu inaitegemea. Kwa hiyo kinachotakiwa si mwanga mwingi. Kinachotakiwa ni kuizungushia metali kitu cheupe, ili kila inakotazama ione weupe.

Madukani wanauza vihema vidogo vya kitambaa cheupe kwa kazi hiyo. Sisi tunatumia mtungi wa plastiki wa lita 20. Unakata kitako chake, unatoboa tundu la lenzi upande wa juu, unaufunika juu ya hereni, na kuuweka nje. Jua linagonga plastiki, plastiki inalainisha mwanga, na hereni inaoga katika weupe kutoka pande zote. Kazi ya dakika kumi na kisu.

Lakini mtungi uwe mweupe! Mitungi iliyojaa hapa ni ile ya manjano ya mafuta ya kupikia, ambayo kila mtoto huchotea maji. Tulijaribu mmoja wa namna hiyo, na shaba nyekundu ikatoka dhahabu ya Dubai. Mmoja wa akina mama akacheka akasema, "Mwalimu, sasa umetufundisha wizi." Utani, ndiyo, ila ni kweli tupu. Nusu ya picha za "dhahabu" zinazozunguka katika simu za watu mpakani zingepoteza utajiri wake kama zingepigwa upya kwenye mwanga mweupe.

Kuna kasoro moja ya mtungi. Fedha nyeupe juu ya karatasi nyeupe ndani ya weupe hupotea, haina kingo. Dawa yake ni vipande viwili vyembamba vya karatasi nyeusi, ukiviweka kulia na kushoto ndani ya mtungi, nje ya picha. Fedha itaviona, na mstari mwembamba mweusi utachora ukingo wake. Shanga za kioo zinataka kinyume: mwanga utoke nyuma yake, upite ndani, rangi iwake. Shanga za karatasi zenye vanishi zinataka kugeuzwa geuzwa kidogo mpaka ule mng'aro mrefu uondoke juu ya michoro. Shanga hizi ndizo walizozifanya maarufu duniani wanawake waliohamishwa na vita vya kaskazini wakaishi Kireka, Kampala, na shirika la BeadforLife likaanza kuziuza nje mwaka 2004. Anayenunua shanga ya karatasi ananunua ile mikunjo na rangi za gazeti la zamani. Picha isiyoonyesha mikunjo inauza plastiki.

Mfupa wa Ishango

Wanaodhani habari hizi za kutazama vitu vidogo kwa karibu ni anasa za wazungu wa maduka ya vito, nawakumbusha jambo lililo jirani nasi kabisa. Ng'ambo ya Ziwa Edward, pale Mto Semliki unapotoka ziwani, ndipo ilipo Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa mwembamba wa urefu wa sentimita kumi hivi, wenye kipande cha kwarzi kilichopachikwa ncha moja na safu tatu za mikwaruzo. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wengine wanasema mikwaruzo ile ni hesabu. Alexander Marshack aliitazama kwa hadubini, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1972 akadai ni kalenda ya mwezi. Mabishano hayajaisha.

Mfupa wenyewe uko Brussels. Watu wa Kasindi, Bwera na Katwe, ambao ni majirani wa mahali ulipotoka, karibu wote wanaujua kwa picha tu, kama wanaujua. Na mikwaruzo haionekani katika picha kama mwanga umetoka mbele. Lazima uje kwa ubavu, chini chini, kama jua la saa moja asubuhi linavyoonyesha kila tuta la shamba. Ndiyo njia ile ile ya kuonyesha nakshi katika bangili ya zamani. Zima flashi, weka tochi ndogo karibu na usawa wa meza, na nakshi itasimama.

Rangi, chumvi na ndimu

Nirudi kwenye rangi, maana ndiyo iliyomponza yule mama wa jozi 40. Jicho la binadamu husamehe. Ukikaa chini ya balbu ya manjano, baada ya dakika chache unaona karatasi ni nyeupe. Kamera nayo hujaribu kukisia, lakini ikikosea haina wa kuirekebisha. Kibaya zaidi ni kuchanganya: dirisha upande mmoja, balbu upande mwingine. Chagua mmoja, zima mwingine. Kisha weka kipande cha karatasi nyeupe ya daftari pembeni mwa kito. Kama karatasi ni ya manjano katika picha, basi na kito ni cha uongo. Rekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe, ndipo ukate. Baadhi ya akina mama sasa wanaiacha karatasi ibaki ndani ya picha, na wateja wa Butembo wameanza kuidai.

Shaba yenyewe ina tabia zake. Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa shaba. Mji wa Kasese ulikuzwa na mgodi wa Kilembe na reli iliyofika mwaka 1956, na wazee wetu wengi waliishi kwa mgodi huo hadi uzalishaji ulipokoma miaka ya mwanzo ya 1980. Shaba ikikaa hewani hufifia na kuwa kahawia, na kamera ya karibu huona alama ya kila kidole. Dawa iko sokoni: ndimu na chumvi ya Katwe. Sugua, suuza kwa maji mengi, kausha kabisa, kisha usiiguse tena kwa mkono mtupu. Usijaribu hivyo kwa kitu kilichopakwa rangi ya dhahabu juu, wala shanga za karatasi. Vumbi lipulize kwa kibofu cha mpira, si kwa mdomo, kwani mate nayo hutoka makubwa katika picha.

Picha haina uzito

Sasa niseme juu ya dhahabu, ingawa najua wapo watakaonuna. Mpakani kwetu dhahabu huzungumzwa kwa sauti ya chini, na picha za vipande vya kung'aa hutumwa usiku. Picha nzuri ya karibu inafaa kwa jambo moja: kuusoma muhuri ndani ya pete. Namba 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18, na 916 ni karati 22. Ukilaza pete kwa ubavu na mwanga wa tochi ukapita chini, muhuri unasomeka hata kama umefifia. Muuzaji anayekataa kuupiga picha muhuri anakuambia kitu.

Lakini muhuri hughushiwa, na picha haina uzito. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Shaba ya manjano ina kama 8.5. Hakuna kamera inayoiona tofauti hiyo. Mizani ndogo na kikombe cha maji vinaiona. Pima pete ikiwa kavu. Kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji isiguse kikombe, pima tena. Gawa uzito wa kwanza kwa tofauti ya mizani mbili. Pete ya gramu 8.5 inayosoma 7.5 majini inatoa 8.5, hiyo ni shaba, hata ing'ae namna gani. Ikitoa kama 15, uko karibu na karati 18. Pete yenye kito au iliyo na uwazi ndani itakudanganya, hiyo mpelekee sonara. Na dhahabu ghafi isiyo na vibali usiiguse wala usiipige picha, hilo halina mjadala. Vile vile pembe za ndovu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na barabara yetu ya Bwera inapita katikati ya hifadhi; picha ya bangili ya pembe katika simu yako ni ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Ushahidi unaweza pia kuwa upande wako. Mwaka 1997 taasisi ya Getty ya Marekani na washirika wake walitoa mwongozo uitwao Object ID, unaotumiwa na polisi, forodha na makumbusho kutambua mali iliyoibwa. Hautaki mashine. Unataka picha, jina la kitu, vipimo, kimetengenezwa kwa nini, kina maandishi au mihuri gani, na kina alama gani ya pekee, kama ufa, kiungo kilichochomelewa, shanga moja isiyofanana na nyingine. Kwa mtu anayeweza kuamka usiku na kuvuka mpaka akiwa na watoto na fundo la kitenge, orodha hiyo ni ya thamani. Tunapiga mbele, nyuma, ubavu, muhuri, na moja ikiwa juu ya mizani namba ikisomeka. Kando tunaweka rula ya shule. Zamani walikuwa wakiweka sarafu, lakini shilingi ya Uganda haimwambii kitu mtu wa Goma.

Mama yangu alifika Nakuru na bangili mbili zilizotoka kwa bibi yake. Moja iliuzwa nilipoingia sekondari, nyingine alipougua baba. Hakulalamika, na mimi sikuuliza. Nilijua tu karo imelipwa. Iliyobaki ni picha moja ya harusi, nyeusi na nyeupe, ambamo mkono wake wa kushoto una mstari mweupe mwembamba kama sindano. Nimeuweka chini ya lenzi ya fundi saa mara nyingi. Naona punje za karatasi ya picha, sioni nakshi. Fundi mmoja wa shaba hapa Kasese aliniambia angeweza kuitengeneza tena kama angejua nakshi ilikwendaje. Mama anakumbuka ilikuwa na mistari ya kupishana, siku nyingine anasema ni vitone.

Kutuma na kutunza

Picha ikiwa tayari, bado inaweza kuharibikia njiani. WhatsApp huiminya picha ili isile bando, na nakshi zote ulizozihangaikia hufifia. Chagua ubora wa juu, ambao umewekwa tangu mwaka 2023, au itume kama faili la hati, itafika ilivyo. Hapo kuna hatari moja. Faili lililotumwa kama hati hubeba habari zote za ndani, na kama simu yako imeruhusiwa kuandika mahali, anayeipokea anaweza kujua picha ilipigwa nyumba ipi. Mwenye vito nyumbani azime kipengele hicho katika kamera kabla ya kuanza. Wale waliokuwa wakiuza kwa Facebook wanajua ilifungwa Uganda Januari 2021, na wengi wao walihamia WhatsApp wakati huo, kwa hiyo jambo hili linawahusu zaidi.

La mwisho ni unyevu. Mvua za Rwenzori zinajulikana, na lenzi iliyofungiwa katika mfuko wa nailoni huota ukungu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, na fundi wa kuusafisha hapatikani karibu. Lenzi ikae ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vipya. Vikishiba maji, vianike kwenye bati la moto la jua, vinafaa tena. Muuza viatu mmoja wa Bwera alikuwa akivitupa kila siku ya gulio. Sasa ananiwekea katika chupa ya soda, na malipo yake ni mimi kumpigia picha za viatu, ambavyo, ashukuriwe Mungu, ni vikubwa.